Mistari Shingoni mwa Wangeci

"Usiguse hapo, maitu," Daktari Erastus Gachanja alisema, akimwita mama kwa Kikuyu huku akimfunga Wangeci kitambaa cha shingoni kwa ulegevu. "Wino ukifutika, tutaipoteza sehemu ya kupigwa mionzi."

"Majirani wananikimbia, ndagitari. Wanasema nimechorwa na serikali."

Walikuwa ndani ya gari la hospitali, wakitoka Thika. Wangeci alikuwa mjane wa makamo, mwanika makonge kutoka Ngoliba. Uvimbe wa kansa shingoni mwake ulikuwa umeanza kunywea, lakini ngozi juu yake ilikuwa imeungua kwa mionzi, nyeusi na teketeke kama ganda la ndizi iliyoiva mno. Mistari ya zambarau ilipita juu yake, ikionyesha mipaka ya matibabu.

Kila asubuhi Erastus alimpeleka kwenye mashine Nairobi, kisha akasimama nyuma ya Daktari Harcombe, Mzungu aliyeongoza utafiti wa tiba hiyo, kutazama jinsi mionzi inavyopimwa. Tangu atoke Makerere hakutaka kazi nyingine. Harcombe alikuwa amemwahidi kwamba utafiti ukienda vizuri, atamwombea nafasi ya kusomea Uingereza.

Ruiru walisimamishwa kwenye kizuizi. Mto ulinuka maji ya kahawa iliyooza. Homgadi, askari mwenyeji wa serikali, alichungulia ndani, akakiinua kitambaa cha Wangeci kwa ncha ya fimbo.

"Afande! Kuja ona! Huyu amekula kiapo cha watu wa msituni!"

Afisa kijana wa Kizungu alikuja akitafuna yai la kuchemsha. Kiini kilikuwa kimemganda kwenye masharubu.

"Hii nini?"

Erastus alishuka, akaeleza kwa Kiingereza kwamba yeye ni daktari na kwamba huyu ni mgonjwa.

"Sema Kiswahili. Mimi hapana uliza wewe Kiingereza."

"Ni alama za matibabu, Afande. Zikifutwa, mama huyu ataumia."

"Daktari!" Afisa alicheka, na makombo ya yai yakaruka hadi kwenye shati la Erastus. "Basi daktari shika beseni."

Maji yalikuwa yale ya kuoshea magurudumu, yenye mafuta juu. Homgadi alichukua sabuni ya kipande na gunia, akaanza kusugua. Erastus angeweza kulimwaga lile beseni. Aliifikiria Uingereza, akalishika vizuri zaidi lisije likayumba. Wino ulitoka, na ngozi ikatoka nao. Wangeci aliuma kitambaa chake, hakulia. Maji yaligeuka zambarau, kisha yakaingia wekundu.

"Safi sasa," afisa alisema. "Kwenda."

Njiani Erastus alijaribu kumfunika kidonda kwa shashi. Wangeci aliuondoa mkono wake.

Huko Nairobi, Harcombe alikuwa na wageni siku hiyo, madaktari waliotoka ng'ambo kuja kuiona kazi yake. Alimwinamia Wangeci, akakunja pua.

"Amejiosha," aliwaambia wageni kwa Kiingereza. "Hawa ndivyo walivyo. Unawaokoa, wao wanakuharibia kazi. Nimemtoa kwenye utafiti. Nafasi yake apewe mwingine." Kisha akageuka. "Au sivyo, Erastus?"

Wageni walimtazama Erastus, wakingojea aitikie kwa kichwa.

"Sivyo," Erastus alijibu. "Ameoshwa kwa nguvu na afisa wa serikali pale Ruiru, kwa maji machafu, na mimi ndiye niliyeshika beseni. Kidonda kikipona, mistari nitaichora mwenyewe. Uvimbe ulikuwa unaisha, bwana. Uliuona."

Mgeni mmoja alikohoa. Mwingine alitazama viatu vyake. Harcombe alitabasamu kama mtu aliyemwagiwa chai na mtumishi mbele za watu.

"Umechoka. Rudi Thika, na kesho usije. Hata kesho kutwa."

"Na mgonjwa?"

"Nimeshasema."

Wangeci hakuelewa Kiingereza, ila nyuso aliweza kuzisoma.

"Anasema nini?"

"Anasema twende nyumbani, maitu. Mashine amepewa mwingine."

"Wananiosha wao, halafu wananifukuza kwa kuoshwa?"

Wangeci alivuta makohozi kutoka kifuani, polepole, kwa maumivu ya shingo, akayatema kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta, karibu kabisa na viatu vya Harcombe.

"Mwambie apanguse!" Harcombe alifoka.

Erastus aliyatazama yale makohozi. Akamshika Wangeci mkono, wakatoka.