Moshi wa Mkwe

Gavin alipotangaza kwamba ruzuku iko njiani, Dulcie Napaljarri alikuwa amekaa sakafuni katika jumba la sanaa la Ngamarnta, kijiji cha jangwani, turubai la kuchorea mbele yake na chai pembeni, na wala hakuinua kichwa. Mameneja wa kizungu walikuja na kuondoka pale kama mafua, kila mmoja na habari njema zake. Huyu wa sasa alikuwa na ndevu za mbuzi na maneno ya semina.

"Wametukubali, Dulcie! Mradi wa Mlezi na Mwanafunzi. Wewe ndiye mlezi. Alhamisi wanakuja kutoka Sydney kuwaona mkifanya kazi pamoja."

"Mimi na Sherelle," Dulcie alisema.

Sherelle Nungarrayi alikuwa binti wa kaka yake aliyekufa. Ndiye aliyekuwa na haki ya kurithi mchoro wa viazi vya porini, mchoro wa ukoo wao, na asubuhi ile alikuwa nje akiosha brashi.

Gavin akajikuna kidevu. "Si Sherelle hasa. Mwaka huu wanapendelea vijana wa kiume. Nimemwandika Clifton."

Brashi ya Dulcie ikasimama hewani. Clifton Japanangka alikuwa mume wa binti yake, Janine. Tangu ndoa ile, Dulcie hakuwahi kumtazama usoni, kukaa naye chumba kimoja wala kulitamka jina lake, na kijana naye vivyo hivyo. Kijana akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Dulcie hutokea wa nyuma. Mama mkwe na mkwe huheshimiana hivyo, na pale Ngamarnta hata mtoto anayetambaa anajua.

Dulcie alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka.

"Umekula mkate wetu mwaka mzima, Gavin, na hili hulijui?"

"Nalijua, nalijua. Lakini hii ni karatasi tu. Ni picha moja, basi."

"Kapige wewe, umkumbatie mama wa mkeo."

"Mimi sijaoa."

"Sishangai," alisema Dulcie, akachovya brashi.

Lakini moyoni hakuwa na kicheko. Figo zake zilikuwa zimechoka, na daktari alishasema: kabla ya joto kuingia, ahamie mjini Alice, kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliyefungwa kwenye mashine ile haendi tena popote. Na mchoro wa viazi haufundishiki sakafuni, chini ya kiyoyozi. Mistari yake inafuata nyufa ambazo viazi vikinenepa huacha juu ya ardhi ya Kurlpiya, nchi ya baba wa Dulcie, mwendo wa siku nzima ndani ya jangwa, na Sherelle hajawahi kuikanyaga. Gari la jumba, alivyosema Gavin, halitoki bila ruzuku. Dulcie alitaka kitu kimoja tu kabla ya ile mashine: kumpeleka binti wa kaka yake Kurlpiya.

Alhamisi wakaja. Mkubwa wao aliitwa Philippa, mama mwenye kofia pana ambayo haijawahi kuona vumbi na hereni za mbegu alizonunua uwanja wa ndege. Alimwita Dulcie "Shangazi" hata kabla hajashuka garini. Ni kaka yupi wa Dulcie aliyemzaa, hakusema. Nyuma yake alikuja kijana wa kamera, amebanwa na suruali mpaka unamwonea huruma.

Gavin alikuwa amemketisha Clifton barazani, ameshikishwa brashi. Clifton alikuwa fundi wa magari. Hakuwahi kuchora hata duara, na fomu ya mradi aliitia sahihi akidhani ni ya udereva. Alikaa ameupa ukuta mgongo. Upande wa pili wa ukuta, ndani, alikaa Dulcie na Sherelle. Kwa watu wa Ngamarnta mpango ule haukuwa mbaya.

Philippa akatoka nje, akaingia ndani, akatoka tena. "Mbona wametengana hivi? Kuna ugomvi?"

"Ni mila," Gavin alisema kwa sauti ndogo.

"Nazipenda sana mila," Philippa alisema. "Lakini sanaa huvunja kuta, au sivyo, Shangazi?" Akamshika Dulcie mkono, akamwinua, akamvuta kuelekea barazani huku akimwashiria wa kamera awe tayari. Gavin alivaa miwani ya mbao, kama hakuona kitu.

Clifton alipoiona sketi ya mama mkwe wake mlangoni, alijifunika koti kichwani, akaruka ukingo wa baraza, akatimka kuelekea gereji, kandambili moja ikibaki nyuma. Dulcie alijitupia kitambaa usoni. Alisikia aibu ikimchoma masikioni, mtu mzima mwenye wajukuu, kufanyiwa mchezo kama ule mbele ya watoto wa watu.

"Nimeumia sana," Philippa alisema, mkono kifuani. "Tunaye mtaalamu wa kupatanisha familia. Tunaweza kuandaa warsha."

"Warsha!" Sherelle alifoka. "Shangazi, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia." Dulcie alishusha kitambaa. "Umeniita shangazi tangu asubuhi, mama, basi nami nikuseme kama shangazi. Yule hajanikosea kitu. Miaka yote hii hajanivunjia heshima hata mara moja. Wewe umenivunjia kabla chai yako haijapoa. Mnakuja kutufundisha namna ya kufundisha watoto wetu, na nyinyi kwenu nani aliwafunza adabu?"

Philippa akageuka mwekundu, akasema anaheshimu hisia hizo. Ila taasisi yake, alisikitika, haingeweza kutoa fedha bila ushahidi wa uhusiano kati ya mlezi na mwanafunzi.

Gavin alichuchumaa karibu na Dulcie, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Wewe ni nguzo yetu, Dulcie. Picha moja tu. Wewe huku, yeye kule, mnatazama pembeni. Gari unalipata kesho."

Dulcie aliitaka safari ile kuliko alivyotaka figo mpya. Alimtazama Sherelle, na Sherelle alikuwa anamtazama yeye, anasubiri kuona shangazi yake atafanya nini.

"Hapana," alisema Dulcie. "Asiyejua maana haambiwi maana. Wape chai waende."

Wakaenda. Kabla ya kuondoka Philippa alinunua turubai dogo, akaomba apunguziwe bei.

Jioni Dulcie alikaa nje ya nyumba yake bila hamu ya chakula, akiutukana ulimwengu mzima kuanzia Sydney. Janine akaja na kuweka funguo mapajani mwake.

"Za nini hizi?"

"Za Toyota yetu, mama. Iko nyuma ya kanisa. Ina mafuta na maji, na matairi mawili ya akiba."

"Lile kopo linalokohoa?"

"Siku hizi halikohoi. Tangu daktari aseme yale maneno yake, baba watoto yuko chini ya gari kila jioni. Wewe ulikuwa unasema anajificha asifanye kazi."

Kweli alikuwa akisema hivyo, tena kwa sauti, ili yamfikie. Dulcie akazigeuzageuza funguo. "Na njia? Mvua ya juzi imeifuta. Mimi nilipita zamani."

"Ameshatangulia na kaka yake kwa gari lingine. Amesema ufuate moshi."

Alfajiri wakaondoka, Janine akishika usukani. Gari halikukohoa. Walipovuka mto mkavu njia ikapotea kabisa, na Sherelle akaanza kuguna. Ndipo moshi ukaonekana mbele, mweusi, wa nyasi za miiba, umesimama wima. Walipoufikia hapakuwa na mtu, majivu tu na alama za matairi zilizokwepa mchanga laini, na mbali zaidi moshi mwingine ulikuwa umeanza kupanda. Ndivyo walivyokwenda kutwa nzima, mkwe mbele na mama mkwe nyuma, bila kuonana.

Kurlpiya walikuta kuni zimepangwa na mkia wa kangaruu umefukiwa kwenye majivu, umeiva sawasawa. Moshi wa mwisho ulikuwa ng'ambo ya kilima, kambi ya wanaume. Dulcie alikata kipande kinono akala, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile akamsifu mkwe wake.

"Yule," alimwambia Janine, "anajua kuoka nyama. Mfikishie."

Simu ya Sherelle ilikuwa imenasa ujumbe kabla mtandao haujakatika. "Gavin anasema wamempa mpaka Jumatatu. Bado wanataka picha ya mlezi na mwanafunzi na uhusiano wao. Anakusihi, shangazi."

Dulcie alijifuta mafuta mdomoni, akatazama ng'ambo ya kilima.

"Piga picha moshi ule."

"Moshi? Wataona nini?"

"Hawataona kitu. Lini waliwahi kuona?" Akajiinua kwa fimbo yake ya kuchimbia, magoti yakilia, akaanza kutembea polepole, macho chini. "Haya, weka simu. Njoo hapa unionyeshe: ufa uko wapi?"

Sherelle akapiga magoti kwenye vumbi la babu yake na kuanza kutafuta.