Kibati Kimoja Chini ya Mguu wa Lathe

Wacha niseme mapema ndio msinipende bure: mimi ndio niliharibu lathe ya Mzee Opiyo. Na nikijua hivyo, nikanyamaza siku nne.

Mimi ni Njambi, nachoma mageti na madirisha hapa Makongeni, Thika. Tuko shed moja na Mzee. Upande wangu ni welding, upande wake ni hiyo lathe, mashine ya kuzungusha chuma ikichongwa. Na ni ndefu, wueh! Bed yake, ile chuma ya chini yenye kila kitu inateleza juu yake, watu wawili wanaweza lala hapo miguu kwa miguu na bado wageuke. Ilitoka kwa factory fulani ilifungwa kitambo, ikanyeshewa miaka mingi, kuku zikitaga ndani ya gearbox. Mzee aliifungua nati moja moja, akasugua kutu miezi nane. Mimi nilikuwa narecord kila kitu na simu, na watu wakapenda vibaya sana.

Sasa, lathe ndefu hivyo huwezi weka tu chini ukaenda. Iko na miguu sita. Mguu moja ikishuka hata unene wa karatasi, bed inajipinda kama nguo ukikamua, na shaft, hiyo chuma ya mviringo unachonga, inatoka nene upande huu, nyembamba upande ule. Mzee mwenyewe ndiye alinifunza. Kwa hivyo chini ya kila mguu aliweka vibati, alikata na makasi kwa mikebe nyekundu ya mafuta ya kupikia. Alikuwa anapima na level, ile pimamaji, noma sana, aliazima kwa rafiki yake Kaleli wa Ruiru. Siku tatu mzima yuko kwa magoti! Kumaliza, level ikarudi kwa mwenyewe.

Jumamosi akaona mguu wa mwisho haijapakwa rangi. Akainua kidogo na jack, akapaka, akaenda lunch rangi ikikauka. Vibati vilikuwa vimekaa palepale juu ya simiti. Mimi nilitaka kujirecord nikichoma geti ya mtu wa Membley, lakini stand ya simu ilikuwa inayumba. Nikaangalia huku na huku. Nikachomoa kibati moja, nikaweka chini ya stand. Simu ikatulia tuli.

Nikasahau kurudisha. Mzee akarudi, akashusha mguu, akafunga nati.

Jumatatu akachonga shaft ya mashine ya kumenya kahawa. Akapima unene na micrometer huku, akapima kule. Akarudia. Akaita Tabby, yule wa kibanda ya chai.

"Kuja uone hii namba."

"Mzee, mimi hesabu yangu inaishia kwa chapati."

Akachonga ingine. Ikatoka vilevile, nene huku, nyembamba kule. Akatoa miwani, akapangusa na shati.

"Ni macho, nyathina," akaniambia, vile huniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Macho imeniwacha."

"Si ubadilishe miwani?" nikasema. Hapo, walahi, sikuwa najua.

Nilijua jioni. Nangoja chips, naedit video, na pale mwisho nikichomoa simu kwa stand, nikaona kitu nyekundu chini yake. Nikazoom. Kibati! Ngai! Roho yangu ikashuka mpaka kwa gumboot.

Ningesema Jumanne asubuhi. Lakini Mzee alikuwa amefukuza watu wazima hapo kwa kushika tu hiyo mashine, na kila mtu alikuwa anaambiwa, "Njambi peke yake ndio anaweza karibia." Nikajiambia nitarudisha kimyakimya. Nitarudisha aje, na nati imefungwa na Mzee hatoki hapo?

Jumatano akaenda kwa daktari wa macho. Nikajua atapewa miwani ingine, roho itulie. Akarudi amekaa mdogo.

"Daktari anasema macho iko sawa."

"Si hiyo ni poa, Mzee?"

"Kama si macho, basi ni kichwa. Ndugu yangu Ouma alianza hivi tu. Alianza na kusahau vipimo, akamaliza akiuliza mama yetu ni nani."

Unajua nilifanya nini? Nilimnunulia chai.

Ijumaa Muthoka akakuja na lorry na mtungi ya gesi ya kukata chuma. Muthoka ni mtu wa scrap. Mzee mwenyewe ndiye alimuita, akate lathe vipande abebe, eti kichwa yake haiiwezi tena.

"Mzee, nianzie wapi?" Muthoka akauliza, akiwasha moto.

Mzee alikuwa amepeana mgongo.

"Zima!" nikapiga nduru. "Muthoka, zima hiyo kitu! Mzee, ni mimi. Nilitoa kibati kwa mguu wa mwisho. Nilikuwa nasimamisha simu. Hauko mgonjwa. Mashine imejipinda, na ni mimi."

Nikatoa kibati kwa mfuko. Mzee akakishika, akakipindua.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Nikitoka kwa daktari, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaninunulia chai."

"Ndio, Mzee."

"Njambi wewe!" Tabby akasema. "Na unapost tu, watu wanakuita fundi!"

"Sasa mimi nakata nini?" Muthoka akauliza.

"Kata kona uende," Tabby akamjibu.

Mzee hakunitusi. Afadhali angenitusi. Alisema tu, "Enda Ruiru, uambie Kaleli anipee level tena. Na umwambie ni kwa nini."

Nikaenda, nikamwambia Kaleli yote, uso ikiniwaka. Siku mbili mimi ndio nilikuwa kwa magoti, Mzee akisimama juu yangu: inua, ongeza, funga, pima tena. Shaft ya kwanza ikatoka sawa pande zote. Nikaruka! Mzee akaangalia micrometer, akanipatia.

"Hebu isome wewe."

"Si umesoma?"

"Isome."

Nikasoma. Akasema ni vile tu alikuwa ameona.

Ile Jumatano alikuwa amepigia kijana yake Calvince huko Kisumu, akamwambia kichwa inaenda. Ameshamwambia ilikuwa mashine, lakini Calvince hajaamini. Anapiga kila siku saa ya lunch. Leo simu ikalia, Mzee akaiweka loudspeaker juu ya benchi.

"Baba, leo ni siku gani?"

"Alhamisi," Mzee akasema.

Kisha akaniangalia, akingoja niseme kama ni kweli.