Mashine ya Hamsini

Mimi ni fundi wa mashine za kudurufu, na kwa miaka saba nilikuwa pia mtu mkubwa kwenye jukwaa moja la mtandaoni la wapenda kompyuta. Ukubwa wenyewe hakuna aliyenipa, niliuchukua. Jina langu huko lilikuwa Mzizi. Tulikuwa wanachama mia nne na ushee, tumegawanyika kambi mbili: sisi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa kwa yeyote anayeutaka, na wale wa mfumo wa leseni, ambao hukaa wakisubiri kampuni iwaambie lini wawashe na lini wazime. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuieleza tofauti yetu, na niliona nimeieleza kwa haki.

Hatukuwa na ubishi mdogo. Kuna wakati tulibishana wiki tano kuhusu kitufe cha kufungia dirisha, kikae kulia au kushoto. Watu wawili waliokuwa na mpango wa kufungua duka pamoja hawakulifungua.

Kambi yetu ilikuwa na desturi tuliyoiita kukomboa. Ukifuta mfumo wa leseni kwenye kompyuta ya mtu na kuuweka wetu, unatuma picha mbili, ya kabla na ya baada, kisha unaandika namba. Kompyuta ya shangazi, ya jirani, ya kinyozi, zote zilihesabiwa. Atakayefika hamsini alikuwa apewe cheo cha Mkombozi na nyota ya kijani kando ya jina lake. Hakuna aliyewahi kufika. Mimi nilikuwa na arobaini na tisa, na ndugu walishaanza kuficha kompyuta zao nikija kuwasalimia.

Kambi ya pili ilikuwa na mtu mmoja aliyenikosesha raha. Alijiita Simu ya Mezani. Hatukujua ni nani wala anaishi wapi, ila jina lenyewe lilitutosha kujua kwamba ni mtu wa zamani. Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa na hasira. Sisi tulibishana kwa picha: unapiga picha skrini yako, unazungushia duara jekundu palipo na ukweli, unaitupa jukwaani, hoja imekwisha. Yeye kila akitumiwa picha alijibu maneno matatu yaleyale: “Andika kwa maneno.” Likawa ndilo neno la kutaniana jukwaani. Mtu akichelewa kujibu, anaambiwa aandike kwa maneno. Mimi niliona ni kiburi cha mtu anayetaka wenzake watoke jasho, na kwa miaka mitano nikazidi kumtupia picha makusudi. Mara moja nilimwambia akanunue miwani. Watu themanini na sita walipenda.

Sasa, dada yangu mkubwa ni mwalimu kwenye shule ya watoto wasioona, na ndiye mwenye dhamana ya chumba cha machapisho. Ni chumba chembamba chenye dirisha moja, rafu za karatasi ngumu za rangi ya maziwa, na kompyuta iliyounganishwa na mashine ya nukta nundu. Mashine hiyo haitumii wino. Inagonga karatasi kwa sindano mpaka herufi zinavimba, ili msomaji azipitishie vidole. Ina kelele za mtu anayepigilia mabati, kwa hiyo dada aliichongeshea sanduku la mbao na kulitandika blanketi ndani. Hata hivyo walimu wa vyumba vya jirani wanajua siku za mitihani kabla ya ratiba kutoka.

Ijumaa moja asubuhi aliniita. Feni ya kompyuta ilikuwa inalia.

“Nisafishie feni tu, mdogo wangu,” akasema akiwa ameshika daftari lake. “Mtihani wa Jumatatu uko humo ndani. Mimi naingia kikaoni.”

Ulikuwa mtihani wa kujiunga na chuo cha ufundi. Chuo kilikuwa kimetuma maswali kwa maandishi ya kawaida, na kazi ya kuyageuza yawe nukta nundu ilikuwa ya dada: wanafunzi kumi na mmoja, masomo manne.

Feni niliisafisha kwa dakika kumi. Kikao cha walimu hakiishi kwa dakika kumi. Nikaiwasha kompyuta nione kama feni imetulia, na hapo nikauona mfumo wenyewe: wa leseni, tena toleo ambalo hata kampuni yake ilishalisahau. Nilimhurumia dada. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ile nyingine ilikuwa namba hamsini.

Msinidhanie mjinga. Mafaili yake yote niliyahifadhi kwanza, mara mbili, kwenye vifaa viwili. Kisha nikafuta, nikaweka mfumo wetu, nikapiga picha ya baada na kuituma. Saa nne na dakika ishirini nyota ya kijani ikawaka kando ya jina langu. Pongezi zilimiminika. Mtu mmoja aliandika kwamba anatokwa na machozi, nami nilimwamini.

Dada aliporudi aliitazama skrini.

“Programu yangu ya kuchapia iko wapi?”

Nikaanza kumweleza habari za uhuru. Nilikuwa na maelezo mafupi ya dakika kumi na mbili ambayo nilikuwa nimeyatumia kwa watu arobaini na tisa. Aliniacha niseme, huku akifungua faili la hesabu na kulituma kwenye mashine. Sanduku likagonga, meza ikatikisika, karatasi ikatoka. Dada ana macho; nukta huzisoma kwa kivuli. Akaiinamisha karatasi kuelekea dirishani, akaisoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo shuleni.

“Swali la kwanza. Nusu, mabano, mabano, tano, tano, tano, alama ya mshangao.” Akaigeuza. “La pili halipo.”

Programu ilikuja na mashine, kwenye diski. Diski ilishapotea, na kiwanda kilichotengeneza mashine kilishafungwa. Yote hayo aliniambia bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Nikamuuliza itakuwaje wanafunzi wakikosa karatasi.

“Wenye macho watafanya Jumatatu,” akasema. “Wangu watafanya mwakani.”

Kisha akavuta kiti, akateremsha kutoka juu ya rafu mashine ya mkono, ile ya chuma yenye vitufe sita, akaipangusa vumbi kwa kiganja na kuanza kuandika nukta mojamoja. Karatasi zilizotakiwa zilikuwa mia moja sabini na sita. Nilipiga hesabu ya mwendo wake, nikaona atamaliza Alhamisi. Hakunitazama tena. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni, nilipomvunjia miwani yake nikamwambia ni paka.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nikaandika jukwaani kwamba mashine ya nukta nundu haielewani na mfumo wetu, nikaambatanisha picha ya mashine na ya karatasi iliyoharibika, nikasema kuna watoto kumi na mmoja wanaosubiri. Niliomba msaada kwa mara ya kwanza katika miaka saba.

Majibu yalikuja. Ndani ya saa moja yalifika mia na arobaini. Wa kwanza alisema tatizo ni toleo nililochagua. Wa pili akamwambia yeye ndiye tatizo, na hao wawili wakachukua majibu thelathini. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi aliandika kwamba uzuri wa mfumo huria ni kuwa naweza kuiandika hiyo programu mwenyewe, na akanitakia kila la heri. Mwingine aliuliza kwa nini watoto wasioona wasisubiri teknolojia ikue. Watu wa leseni walicheka, na haki yao. Mjadala ukahamia kwenye swali la kama nyota yangu ihesabike ikiwa mashine haifanyi kazi. Hoja zilikuwa nzuri pande zote, na nyingi ningeziandika mimi.

Nyuma yangu vitufe sita viliendelea kugonga.

Ndipo ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa Simu ya Mezani. “Mashine ya kampuni gani, na ina vitufe vingapi mbele? Andika kwa maneno.” Nikaandika kwa maneno. Akanipa namba ya simu.

Aliyepokea alikuwa na sauti ya kijana, safi, ya mtu aliyezoea kupokea. Nyuma yake niliisikia sauti nyingine, ya mwanamke, ikisema mbiombio bila kupumua, na nikasema kama yuko na mgeni ninaweza kusubiri.

“Sina mgeni. Hiyo ni kompyuta,” akasema. “Inanisomea ulichoandika. Mimi sioni, bwana Mzizi.”

Nikachukua kalamu. Akaendelea kueleza. Yeye ni mpokea simu wa ofisi moja kubwa, jina lake la jukwaani ni kazi yake, na mashine kama ya dada anayo nyumbani kwa ajili ya vitabu. Akanielekeza: nishike kitufe cha pili mpaka mashine ilie mara mbili, ili iache kujitafsiria yenyewe. Kisha nifungue programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta, ambayo imo ndani ya mfumo wetu huohuo, bila malipo, imekuwamo miaka yote. Herufi arobaini kwa mstari, mistari ishirini na tano kwa ukurasa. Nipeleke faili moja kwa moja kwenye mashine.

Nikamuuliza amejuaje, naye ni mtu wa leseni.

“Niliijaribu miaka minne iliyopita. Inafanya kazi vizuri kuliko ya kwetu.”

“Mbona hukusema?”

“Mngefurahi,” akasema.

Sanduku likagonga. Karatasi ikatoka. Dada aliinuka na kuipeleka dirishani, akaisoma kimya mpaka chini, akaigeuza na kusoma nyuma. Halafu akakifunika kile chuma cha mkono na kukirudisha juu ya rafu. “Chapa zote,” akasema. Nikakaa juu ya maboksi ya karatasi.

Simu ilikuwa bado hewani. Nilijaribu kuomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimemtupia miaka yote.

“Yote niliyasikia,” akasema. “Lakini huyu mama wa kompyuta anasoma kila kitu kwa upole. Kwangu mimi wewe ni mtu mtulivu sana.” Kisha akaongeza: “Moja tu ndiyo iliyonikaa. Nilipojiunga, nilikuwa mtu wa kwenu. Nilikuwa nimeuweka mfumo huria mwenyewe, na sauti ikakatika. Siku tatu sikujua hata kama mashine imewaka. Nikauliza jukwaani, kwa kompyuta nyingine, nifanyeje. Ulinijibu wewe, kwa picha. Nikakuomba uandike kwa maneno.”

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Nilikumbuka nilivyomwambia akanunue miwani.

“Kompyuta yenyewe bado ninayo, chini ya meza hapa ofisini,” akasema. “Haya, nina simu zinaingia.”

Mashine iligonga mchana kutwa. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza itanyamaza lini, dada akamwambia ikimaliza. Jua lilipokuwa linateremka tulikuwa tumepanga mafungu kumi na moja mezani, kila fungu na uzi wake, na vidole vya dada vilikuwa vimekakamaa kwa zile kurasa tisa alizoandika kwa mkono. Alizitupa kwenye pipa mojamoja. Nilisubiri aniseme.

“Ile namba yako ya hamsini,” akasema. Kumbe alikuwa ameiona. “Iondoe. Hii mashine si ya kwako kuihesabu.”

Jumatatu wanafunzi wote kumi na mmoja walifanya mtihani saa ileile na wenzao. Siku hiyohiyo niliingia jukwaani, nikafuta picha za hamsini, na nyota ikazimika. Kulizuka mjadala mkali kuhusu kuzimika kwake, ambao sikuusoma. Nilirudi nyuma miaka mitano mpaka nikalikuta swali lake la kwanza. Lilikuwa la adabu, lina salamu mwanzoni na shukrani mwishoni. Chini yake ilikuwapo picha yangu na duara langu jekundu. Nikaandika:

“Hili ni dirisha la mipangilio. Juu kushoto pameandikwa Sauti. Chini yake kuna visanduku vitatu, na cha pili hakina alama. Hicho ndicho nilichokizungushia duara. Kiwekee alama, uzime na kuwasha, nayo itazungumza. Nisamehe kwa kuchelewa.”

Nilikaa nikiitazama skrini kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nusu saa baadaye akajibu.

“Nimeitoa chini ya meza, mwenzangu wa ofisini amekitafuta hicho kisanduku na kukiwekea alama. Bado iko kimya. Ulikuwa umekosea tangu siku ile.”

Kisha ukaja mstari mwingine.

“Endelea na picha ya pili.”

Nilizihesabu picha zote nilizowahi kumtupia, zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Nikavuta kiti karibu na meza, nikafungua ya pili.