Kidumu cha Tatu

Baba ana jiwe lake la figo kwenye kiberiti. Ni dogo kuliko punje ya mchele, la kahawia, lina miiba. Kalilaza juu ya pamba kama mgonjwa, na mgeni yeyote akija lazima alione. "Hiki kidude," anasema, "kilinipigisha magoti mimi, mtu mzima na ndevu zangu." Shangazi, dada yake, alitoa mawili lakini hakuyatunza. Anasema hawezi kufuga kitu kilichomliza mbele ya watu.

Baba ni fundi wa sakafu za terazo. Anamwaga saruji na vipande vya mawe, vikishikana anasugua na mashine mpaka sakafu inang'aa kama maji. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala kifudifudi sebuleni, naangalia vile vipande vyeupe, naona ni anga na mimi naelea juu yake. Mpaka leo nikifumba macho ndani ya mwili wangu naona hivyo hivyo. Chumba chenye giza la samawati. Tone linadondoka, linaacha punje nyeupe. Halafu jingine. Kuna fundi simuoni, anazipanga polepole wala hana haraka.

Nilianza kumuwaza huyo fundi mwaka huu, nilipoanza kuumwa ubavu wa kulia. Picha ikaonyesha jiwe dogo kwenye figo. Mama alishika kichwa.

"Na maziwa nimeyafukuza nyumba hii miaka mitatu!"

Kweli aliyafukuza. Siku Baba alipoambiwa jiwe lake ni la kalsiamu, Mama alimwaga hata yaliyokuwa jikoni yanachemka. Karanga za chumvi za Baba, zile anazotafuna kazini kutwa nzima, hakuna aliyezigusa.

Daktari wetu ni mama wa makamo, miwani anaining'iniza kwa kamba. Alisema watu watatu wa damu moja hawapati mawe kwa bahati mbaya. Akataka kila mmoja wetu akusanye mkojo wa siku nzima, saa ishirini na nne, kwenye kidumu chake.

"Siku ya kawaida," akasema. "Kuleni mnavyokula, kunyweni mnavyokunywa. Msijifanye watakatifu kwa ajili yangu."

Basi vidumu vitatu vikapangwa bafuni ndani ya beseni la maji ya baridi. Shangazi akaja kulala kwetu na chake, akakipiga mstari wa rangi ya kucha. "Nisije nikapewa mkojo wa kaka yangu. Huo hata kwenye kidumu utakoroma." Mama akaniwekea chupa ya kubeba shuleni, kaifunga kwenye mfuko mweusi mara mbili.

Niliirudisha tupu.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Darasani kwetu ukitaka kwenda msalani unapita mbele, unachukua kibao kilichoandikwa RUHUSA pembeni ya ubao, unakivaa shingoni. Hapo wavulana wa nyuma wanaanza: tsss, tsss, kama bomba bovu. Nilikivaa mara moja tu, zamani. Tangu siku hiyo sinywi kitu kuanzia asubuhi mpaka nirudi nyumbani, na nikirudi kiu imeshachoka kunisubiri. Mchana wa joto herufi za ubaoni zinaanza kuogelea kama samaki, sauti ya mwalimu inatoka mbali, na mimi nimekaa tu naona raha.

Asubuhi ya pili niliingia bafuni wa kwanza kumalizia. Kidumu cha Baba kilikuwa zaidi ya nusu. Cha Shangazi chini kidogo. Changu kilikuwa na vidole vitatu vya kitu cheusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nikakitazama, nikaona aibu, kama vile kimeandikwa kila kitu ubavuni na kila mtu atasoma. Watauliza kwa nini. Nitajibu nini?

Nikafungua bomba taratibu lisipige kelele. Kikombe kimoja, viwili, vitatu. Rangi ikawa inakimbia, inakuwa dhahabu, inakuwa nyepesi, mwanga wa dirishani ukapita katikati yake mpaka ukutani. Kilipendeza. Nikafika vikombe sita, nikampita hata Baba.

Hakuna aliyeuliza kitu.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la hospitali, Baba anagonga sakafu kwa kisigino. "Hii niliisugua mimi, hujazaliwa. Ona, hata ufa hakuna." Tukaitwa ndani sote wanne. Sakafu ile ile ilikuwa imeendelea mpaka chini ya meza ya daktari.

"Baba, kalsiamu nyingi, chumvi nyingi mno."

"Karanga," Shangazi akasema.

"Nani kakuuliza?"

"Na wewe dada usicheke. Kalsiamu nyingi, maji machache." Daktari akatueleza kwamba kuna vinasaba vinavyoiambia figo ishike kalsiamu na kuirudisha kwenye damu. Inaonekana vya ukoo wetu vinaiachia. Hilo tumerithi, hakuna wa kulaumiwa. Ila chumvi inaisukuma kalsiamu itoke zaidi.

"Maziwa je?" Mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Yarudishe, mama. Wanywe pamoja na chakula. Mchicha na karanga vina asidi fulani, na kalsiamu ya maziwa inaikamata huko huko tumboni, vinatoka pamoja chooni. Ukiyaondoa, asidi inapita mpaka kwenye figo, inakutana na kalsiamu kule. Hapo ndipo jiwe."

"Kwa hiyo miaka mitatu yote mimi…"

"Ulikuwa unawalinda. Wengi wanafanya hivyo."

Kisha akageukia karatasi yangu, akatabasamu. "Binti, lita mbili na robo! Umewashinda wakubwa wako." Mama akanipapasa mgongo. "Lakini kalsiamu yako ya siku nzima iko juu kama ya baba. Kama unakunywa hivi na jiwe bado limekuja, basi maji peke yake hayakutoshi. Tuanze vidonge. Kila siku, labda kwa miaka."

Akachukua kalamu.

Nikainamisha kichwa. Chini kulikuwa na kipande kimoja cheupe kikubwa kuliko vingine. Nikakiangalia mpaka chumba chote kikawa mbali, nimebaki mimi na kile kipande, naelea.

"Niliongeza," nikakiambia.

"Umesemaje?"

"Niliongeza maji. Ya bomba. Vikombe sita."

Kalamu ikasimama.

"Haa!" Shangazi akasema. "Na mimi nilishaanza kukuonea wivu!"

Daktari akapiga hesabu ya kutoa pembeni ya karatasi. "Inabaki kama robo tatu ya lita. Siku nzima, na joto hili? Mwanangu, kwa nini?"

Nikawaeleza kuhusu kibao. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, nikasema hata tsss. Nilingoja wacheke. Baba akajikuna ndevu.

"Mimi nikiwa kwenye nyumba za watu huwa sinywi," akasema. "Naona haya kuomba choo. Tangu nimeanza kazi."

Shangazi akatutazama mmoja mmoja. "Daktari, na aibu hiyo nayo inapimwa maabara gani?"

Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye kamba yake. Akaichana ile karatasi ya vidonge. Akanipa miezi mitatu. Mkojo uwe mweupe kama maji yaliyodondoshewa ndimu, halafu nirudi na kidumu kingine, cha kweli. Kisipojaa, vidonge. "Nikuandikie barua kwa mwalimu?"

"Hapana. Ataisoma mbele ya wote."

Jumatatu niliweka chupa juu ya dawati, nikawa nakunywa kidogo kidogo. Kipindi cha tatu kikafika. Herufi za ubaoni zilikuwa zimetulia, hakuna iliyoogelea. Nikabana miguu. Nikahesabu madirisha. Nikamuwaza Baba kwenye nyumba ya mtu, amesimama mlangoni na vumbi lake, anatafuta maneno.

Nikanyoosha mkono.

Hatua kumi na moja mpaka kwenye kibao. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokikumbuka. Wakaanza: tsss, tsss. Masikio yakawaka moto, lakini miguu ilikuwa imeshatoka nje, ukumbini kuna upepo, na mle ndani ya chumba changu cha samawati matone yalikuwa yameungana, yanapita kwa kasi, yule fundi anakimbiza punje zake hazishiki.

Wakati wa kurudi nilipita bombani. Darasani lile bomba bovu la wavulana wa nyuma lilikuwa bado linavuja. Nikajaza chupa yangu mpaka juu, nikaingia.