Gus wa Tairi Ametuma Ujumbe

Arlys Tollefson alijua kwamba ameondoka na simu ya mumewe pale alipoingia barabara kuu na gari likaanza kumpigia polka, muziki wa kodiani. Yeye na kodiani walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Siku nyingine zote gari lilishika simu yake mwenyewe, iliyokaa mkobani, likamwekea yule mtangazaji anayeongea habari za bustani hata theluji ikiwa magotini. Leo limeishika ya Verlyn, ambayo bila shaka ilimponyoka jana walipotoka kanisani, ikatumbukia chini ya kiti. Skrini ya katikati ilijaa mambo yake: kodiani, unene wa barafu ziwani, na pembeni ramani ndogo ya kujipendekeza ambayo hakuna aliyeiuliza kitu. Gus wa Tairi, dakika ishirini na mbili, hakuna foleni.

Gus wa Tairi? Gus alifunga karakana yake tangu vuli, akahamia Arizona yeye na magoti yake mabovu. Arlys mwenyewe ndiye aliyeoka keki ya kumuaga. Iweje simu ya Verlyn iwe imekariri njia ya kwenda kwa mtu aliye Arizona?

Mwenye akili zake angeiacha ramani ilivyo, akaendelea na safari ya Duluth, kwenye duka la mazulia alikofanya kazi. Lakini Arlys ni mtu ambaye ukimwonyesha pazia lazima alifunue. Akabonyeza. Sauti ya gari, ya mwanamke ambaye utadhani hajawahi kuudhiwa na mtu maishani mwake, ikasema, "Haya, tunaelekea kwa Gus wa Tairi," na mstari wa buluu ukajinyoosha mpaka mji wa Cloquet, kabla ya kufika Duluth, kwenye mtaa ambako Gus hakuwahi kuwa na hata msumari.

Wazo la kwanza lilikuwa mwanamke. La pili lilikuwa kwamba Verlyn, ambaye hata soksi hubadilisha kwa kusukumwa, hawezi kumudu mwanamke wa pili. Alikuwa bado anahangaika kati ya mawazo hayo mawili, pale kijisanduku kilipochomoza juu ya skrini: Gus wa Tairi ametuma ujumbe. Gari likiwa mwendoni halikuonyeshi maneno, linakusomea. Akabonyeza tena.

"Baba," ikasoma ile sauti, "Solveig amekohoa usiku kucha. Kesho unakuja? Mama ameshaondoka?"

Gari likayumba mpaka matairi yakanguruma kwenye ukingo wa lami. Lori la nyuma likampigia honi ndefu. Arlys akashika usukani kwa mikono miwili na kujikuta anasema kwa sauti, peke yake, "Britta. Ni Britta."

Miaka miwili hakuwa amesikia neno moja la binti yake. Na sababu aliijua, ingawa kila aliyemsimulia alimpunguzia kidogo. Britta alipomkimbia mumewe, Darrin, alimwambia mama yake peke yake mahali alipohamia. Baada ya wiki chache Darrin akaja, akaketi jikoni kwa Arlys, akalia ndani ya kofia yake, akala na vipande viwili vya pai. Arlys, aliyedhani mtu anayelia amekwisha tubu, akampa anwani. Usiku huohuo Darrin alivunja mlango wa Britta kwa teke, na Britta akajifungia bafuni na Solveig, mtoto mchanga, kifuani mpaka polisi walipofika. Baadaye akahama tena. Safari hii hakumwambia mtu anapokaa.

Au ndivyo Arlys alivyoamini. Kumbe kila Jumanne Verlyn akipakia ndoo na fimbo zake za kuvulia kwenye barafu, alikuwa anakwenda kwa binti yake! Majira yote ya baridi mwanamume anavua, na nyumbani haujaingia hata mwiba wa samaki. Arlys alikuwa akimcheka kwa hilo mbele za watu, kwenye kahawa ya kanisani, na Verlyn alikuwa anatabasamu tu na kuongeza sukari. Arlys alimkasirikia hapo hapo, kwa nguvu zote. Kisha hasira ikakosa pa kukaa, maana kilichokuwa mbele yake kilikuwa kikubwa kuliko Verlyn. Ile nyumba ambayo Britta aliificha ili yeye, mama mzazi, asiijue, sasa iko pale kwenye skrini, na mtaa wake na namba yake, na mstari wa buluu unampeleka hadi mlangoni.

"Ungependa kujibu?" gari likauliza.

Jibu sahihi lilikuwa hapana. Hata teja anajua wakati wa kusema hapana.

"Ndiyo," akasema Arlys.

"Sema ujumbe wako."

"Ameondoka. Mtoto ana homa?"

Ikaenda hiyo. Verlyn, asiye na subira na mashine, alikuwa ameliondoa lile swali la kama uutume ujumbe au usiutume. Ukinyamaza tu, umekwenda. Arlys akangoja, akipangusa kioo ambacho hakikuwa na ukungu. Akapunguza joto, akaliongeza. Polka ikarudi, akaizima, ikarudi tena.

"Kidogo tu," sauti ikasoma. "Vipi leo Baba, maneno manne? Siku zote unanitumia kipicha cha kidole gumba."

Arlys akacheka. Alicheka mpaka kifua kikamuuma. Ile sauti ilisoma utani wa Britta kama inayosoma tangazo la mazishi, lakini Britta alikuwa mle ndani, mzima, na ulimi wake ule ule.

"Anaongea sasa?" akauliza, akijitahidi kuwa mfupi kama Verlyn.

"Kupita kiasi. Jana ameniambia nifunge mdomo yeye aongee. Unajua amemrithi nani."

Hapo ndipo alipotakiwa aachie. Alikuwa ameshapewa zaidi ya alichostahili: mjukuu anaongea, na mdomo ameurithi kwa bibi yake. Lakini ukimpa Arlys kiganja atataka mkono mzima. Akasema, "Mama yako anakuulizia."

Theluji kavu ilikuwa inatambaa juu ya lami, misonobari inapita pande zote mbili, na skrini haikuchomoza kitu. Akaigusa, labda imeganda. Ikamfungulia orodha ya kodiani. Akaigusa tena, ikamwonyesha unene wa barafu. Aliona taa nyekundu za gari la mbele zikiwaka karibu kuliko alivyodhani, akakanyaga breki, na wakati huohuo sauti ikasema Gus wa Tairi ametuma ujumbe.

"Baba, tulikubaliana. Simchukii Mama. Lakini siku nikijua anajua ninapokaa, sitalala." Na bila kuvuta pumzi, kwa sauti ile ile, ikaongeza, "Mwendo umepungua mbele. Utachelewa dakika mbili."

Ilimchoma. Angechukiwa tu ingekuwa nafuu, maana chuki angeijibu. Tayari alikuwa na majibu ya miaka miwili, ameyapanga vizuri kichwani kwa ajili ya chuki.

"Ungependa kujibu?"

"Ndiyo. Mwanangu, nakuomba usikilize, mama yako hakuwa na nia ya... Wewe! Wewe kichwa maji!" Pikapu jekundu lilikuwa limejichomeka mbele yake bila indiketa na kumwagia kioo kizima matope ya theluji. "Leseni uliiokota kwenye boksi la biskuti? Nenda ukafie mbele, mjinga mkubwa!"

Alipomaliza kupangusa kioo, ujumbe ulikuwa umekwenda. Wote.

Arlys akafumba mdomo kwa kiganja. Verlyn kwa umri wake wote hajamtukana hata mbu. Ilimchukua Britta muda mfupi tu kujua ni nani anayeongea. Skrini nzima ikageuka, ramani ikajikunja kona, vikabaki vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Gus wa Tairi anapiga.

Iliita. Chini ya kiti nayo simu ikawa inatetemeka kama mdudu aliyefungiwa kwenye kopo. Angeweza kubonyeza chekundu, kisha jioni amwachie Verlyn azipokee lawama. Akabonyeza cha kijani.

"Mama," ikasema sauti ya Britta, ya kweli safari hii, imejaza gari zima.

"Mimi," akasema Arlys.

"Baba yuko wapi?"

"Nyumbani. Simu yake iko humu, imeanguka chini ya kiti. Wala hajui."

"Kwa hiyo ulikuwa wewe muda wote. Unanihoji kama polisi, unajifanya Baba!"

"Nilitaka kujua kama mtoto ana homa."

"Mama, usinianze." Britta alivuta pumzi. "Hiyo skrini ya gari. Inaonyesha kwangu?"

Arlys akatazama kona ya skrini, ambako ramani ilikuwa imejikunja chini ya vile vitufe. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wa kumwachia kila mtu usingizi wake.

"Inaonyesha," akasema. "Mtaa na namba. Inasema nimebakiza dakika sita."

Nyuma ya Britta mtoto alikohoa, kikohozi kikavu kinachokwaruza, kisha akauliza, "Babu?"

"Siyo Babu," Britta akamjibu. Hakumwambia ni nani. Akarudi kwenye simu, sauti imeshuka. "Nilikuambia wewe peke yako, Mama. Ukampa. Kwa nini ulimpa?"

"Alikuwa analia, Britta, yuko mezani kwangu anali..." Arlys akakatiza. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la miaka miwili. Alikuwa amelitoa kwa mchungaji, kwa Verlyn, kwa wateja wa mazulia, na wote walitikisa kichwa kwa huruma. Sasa alipolisikia mbele ya mwenye mlango uliovunjwa, lilimtia aibu. "Nilimpa tu," akasema. "Uliniamini, nikampa. Nimekosa."

"Ndiyo," akasema Britta. Alikuwa analia, au labda mafua. "Ndiyo, umekosa." Mtoto akakohoa tena, akaanza kilio. "Lazima nimshike huyu." Simu ikakatika.

Hakumwambia aje. Hakumwambia asije. Polka ikarudi, na ramani, na ile sauti isiyoudhika: "Baada ya maili moja, toka kulia."

Arlys alitaka kwenda, jamani. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Mtoto anakohoa, nyumba ile pale, na yeye ni bibi mwenye mikono miwili mizima, nani angemlaumu? Angebisha taratibu. Angesimama nje kwenye baridi, na Britta angemwona dirishani, na nani humwacha mama yake kwenye baridi ya Minnesota? Hakuna. Angefunguliwa. Na hapo ndipo lilipomwingia vizuri, kwamba angefunguliwa kwa sababu Britta asingekuwa na namna, na usiku Britta angelala macho wazi.

"Baada ya robo maili, toka kulia."

Mkono wake ulikuwa umeshawasha indiketa, wenyewe, bila ruhusa. Tiki, tiki, tiki. Kibao cha Cloquet kikaja, kikubwa, cha kijani. Gari la nyuma likapunguza mwendo kumpisha. Arlys akaizima indiketa, akanyoosha usukani, akaiona ile barabara ya kutokea ikijitenga upande wa kulia na kuondoka na kila kitu.

"Natafuta njia mpya," sauti ikasema. "Toka kulia mbele, kisha geuza."

"Nyamaza wewe," Arlys akasema, akilia sasa waziwazi, kamasi na yote. "Sigeuzi."

Lakini haikunyamaza. Kila njia ya kutokea ilimwambia ageuze, na hakujua pa kubonyeza ili imwache. Alipita ya kwanza, akapita ya pili, anaibishia kama wanavyobishana watu waliooana miaka arobaini. Alikuwa amekaribia mteremko wa Duluth, ziwa limeanza kuonekana chini na mvuke wake wa asubuhi, pale kijisanduku kilipochomoza. Aliogopa kukigusa. Akakigusa.

"Nilikuwa naangalia kidoti cha simu ya Baba kwenye ramani yangu," sauti ikasoma. "Nimekiona kikipita."

Kabla haijauliza kama angependa kujibu, ikachomoza nyingine.

"Kesho mpe Baba supu ya kuku aje nayo. Ile yako, yenye tambi. Usije wewe. Bado."

Arlys akabonyeza isome tena. Ikasoma tena, kwa namna ile ile, na lile neno la mwisho halikuwa na uzito wowote mdomoni mwa mashine, lakini yeye alilisikia lote. Miaka miwili jibu lilikuwa hapana. Hajawahi kulisikia neno bado.

"Ungependa kujibu?"

"Ndiyo."

"Sema ujumbe wako."

Maneno yalimjaa mpaka kooni. Kwamba supu ataipika leo leo. Kwamba mtoto apakwe mafuta kifuani, avalishwe soksi, asilazwe chali. Kwamba anampenda. Kwamba mlango wa chuma siku hizi unapatikana Duluth. Malori yalikuwa yanampita kwenye mteremko, na mashine ilikuwa inangoja, haina haraka.

"Sawa," akasema Arlys, kisha akaubana mdomo kwa nguvu mpaka ujumbe ukaenda.