Rangi Namba Sifuri

Kazini nilipaka alama za barabarani. Sijisifu, ila mstari wangu wa katikati ulinyooka kiasi kwamba nyoka mmoja aliufuata kutoka Sumbawanga mjini, akaja kushtuka yuko Laela na nyumbani wanamsubiri chakula. Nilipostaafu nikawa sina barabara tena. Binti yangu Edith akaniachia kompyuta yake ya zamani, ndani yake mna gemu la kujenga kijiji: unalima, unajenga, unaozesha vijana. Ubaya wake, nyumba zote zilikuwa za Ulaya, theluji mpaka juu ya paa. Nikasema hapana, hiki kijiji kitakuwa cha kwetu Ufipa.

Nikajifundisha mwenyewe, kwa kukosea. Kila kitu kwenye gemu kina kijipicha chake, ikoni, kama stempu ya barua. Na gemu lile la kizamani halikupi rangi ovyo ovyo. Picha zote zinachota kwenye kisanduku kimoja cha rangi, wenyewe wanaita paleti, na kila rangi ina namba yake kuanzia sifuri. Picha yenyewe haibebi rangi, inabeba namba tu. Ukibadilisha rangi ya namba tisa kisandukuni, kila kilichopakwa tisa kinabadilika: jogoo, paa la kanisa, sketi ya mama mkwe.

Nikachora ghala la ulezi. Nikachora mtumbwi wa Kipili, kule ziwani. Halafu nikataka tanuru. Shambani kwa jirani yangu Maximilian limebaki moja la udongo, refu kuliko mtu, ambamo mababu waliyeyushia chuma. Nikalipiga picha kwa simu, nikaipunguza, nikazipanga rangi zake. Sasa mchora alama siku zote anafungua kwanza kopo jeusi, la kufutia mistari ya zamani. Mkono ukaenda ulikozoea: nyeusi nikaiweka namba sifuri.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye gemu lile sifuri si rangi, ni tundu. Popote penye sifuri, gemu linapaacha wazi na kukuonyesha kilicho nyuma. Mdomo wa tanuru ukatoboka.

Nyuma yake palipaswa kuwa na nyasi za gemu. Hapakuwa na nyasi. Palikuwa na maji ya kijivu, na mtu amekaa juu ya gogo, amenipa mgongo, anashona wavu.

Nilikuwa bado nafuta miwani pale Evodia, mke wa Maximilian, alipoingia kurudisha ungo.

"Shikamoo, baba Edith."

"Marahaba, mama Wili. Weka tu hapo."

Hakuweka. Ungo ulimponyoka.

Mwanawe Wilibrodi alishuka Kipili wakati wa masika kununua dagaa. Boti waliipata imepinduka, yeye hawakumpata. Ukoo ulitaka isomwe misa ya marehemu, Evodia akagoma. "Sijaona mwili," ndilo jibu lake, kwa padri na kwa shemeji zake wote. Na Wili, alipokuwa mtoto, alikuwa akijificha ndani ya tanuru lile lile kila akitumwa maji.

"Mgongo wa Wili," akasema. "Ile fulana niliishona mimi begani."

Nikamwambia hayo ni madoa manne ya rangi, mama Wili, hata fulana haiwezi kuingia humo. Hakunisikia. Alivuta kigoda akakaa.

Tangu hapo akawa anakuja kila siku jua likiwa bado juu, amejifunga kitenge juu ya sweta. Anamsimulia yule wa tunduni habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, mbolea imechelewa, shangazi yako kanenepa. Yule anashona tu. Mimi nikajifanya nina shughuli zangu, nikimchorea jogoo mkia. Kusema kweli nilikuwa naogopa kukaa karibu na ile kompyuta, maana ilikuwa inatoa ubaridi wa ufukweni.

Kisha akaja Maximilian. Hakukaa.

"Mzee mwenzangu, hilo dubwana lako linamfanya nini mke wangu?"

"Anaangalia picha tu."

"Picha? Jana tunaanika mahindi. Jua lile! Mimi nina kivuli, kuku ana kivuli, mpaka ungo una kivuli. Yeye hana."

Nikacheka. Siku iliyofuata Evodia alipopita mlangoni, nikatazama sakafu. Kivuli kilikuwepo, ila kimepauka kama wino uliooshwa, na kupitia hicho nikaona nyufa za sementi. Nikaelewa. Nyeusi niliitoboa mimi, na sasa tundu lilikuwa limeanza kuchota weusi wa mtu aliyelitazama sana. Likimaliza kivuli, lingepanda miguuni.

"Mama Wili, leo nalifunga," nikamwambia. "Naihamishia nyeusi namba nyingine, sifuri naipa pinki moja ya kukera ambayo Mungu hakuitumia popote Ufipa. Dakika moja tu."

"Ukilifunga umemzika wewe."

"Angalia sakafuni."

"Nimeshaangalia. Si kivuli? Kichukue. Kilinisaidia nini?"

Maximilian alikuwa mlangoni, ameshika kofia. "Evodia," akasema, "na mimi nibaki na nani?"

 Mama wa watu, ambaye siku hiyo hakuwa amekaa, akainama, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaita kwa Kifipa jina la utotoni, lile la nyumbani ambalo mimi si wa kuliandika. Akamwambia, mama yako nipo hapa, nimechoka kusimama.

Mkono wenye sindano ukasita. Ulikuwa haujawahi kusita.

Yule mtu hakugeuka. Akajisogeza taratibu kwenye lile gogo, akaacha nafasi pembeni yake. Nafasi ya mtu mmoja.

Maximilian akapiga ishara ya msalaba. Na mimi, niliyewahi kumdanganya hata mkaguzi wa barabara, nikapiga yangu.

Evodia aliitazama ile nafasi. Aliposema, sauti yake ilikuwa kavu.

"Wili wangu akiniona nimesimama huwa anainuka. Ananipisha kiti, yeye anakaa chini. Nilimlea hivyo. Mtoto aliye hai hajisogezi tu pembeni mama yake akiwa amesimama." Akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge. "Hawa wa huko ndio wanaotusogezea nafasi tukae nao. Baba Edith, nionyeshe pa kubonyeza."

"Nitabonyeza mimi."

"Nimemzaa mimi. Nionyeshe."

Nikapanga namba, nikaweka kidole chake mahali pake. Akabonyeza.

Kompyuta hubadilisha rangi mara moja, kama kuwasha taa. Hii haikufanya hivyo. Weusi uliingia mdomoni mwa tanuru kutoka pembeni, kidogo kidogo, kama maji yanavyolowesha mchanga. Ukafunika maji ya kijivu, ukafunika wavu, ukafunika ule mgongo wenye fulana iliyoshonwa begani. Cha mwisho kuzibwa kilikuwa ile nafasi tupu juu ya gogo.

Evodia akanyooka, akamshika mumewe mkono.

"Twende kwa padri," akasema. "Kabla sijabadili mawazo."