Amina ya Mzee Telesfori

Mzee Telesfori alikufa wakati wa mvua, mtama ukiwa bado magotini, akazikwa siku ileile kama inavyopasa. Matanga yakangoja mavuno, maana waombolezaji hawalishwi mtama ulio shambani. Yalipowadia, mwezi wa Desemba, vumbi la kiangazi limeshaanza kupasua midomo ya watu, aliyevishwa nguo za marehemu alikuwa Apolina, mke wa mwanawe Klementi.

Ndivyo Wamosi, watu wa kabila lao, wafanyavyo. Mke wa mwana huvaa kofia ya marehemu, hushika fimbo yake, huiga sauti yake na mwendo wake mpaka matanga yaishe. Watu humwita kwa jina la marehemu, na akisema neno, amelisema marehemu. Kwa hiyo kazi hiyo hapewi mwanamke mpayukaji. Mwiko wake ni mmoja: usimfanye marehemu mtu asiyekuwa. Kama alikuwa bahili, abaki bahili, hata mbele ya wanawe. Padri wa misheni naye, kila Apolina alipopita na ile kofia, aliona kuna mtu wa kusalimiwa upande wa pili, asije akalazimika kuikemea mila ile.

Na Apolina, jamani, alimpatia yule mzee! Ile miwani iliyofungwa uzi, akaishusha puani. Kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kumkaripia mtu, akakikohoa hadi mbuzi wakageuza shingo. Alizunguka kwenye vyungu vya pombe ya mtama akiwauliza wanawake nani aliyekosa misa Jumapili. Watu wakacheka wakilia, wakalia wakicheka.

Mtani wao Zerbo, Msamo, wa kabila linalotaniana na lao, mwenye tumbo la furaha, alikuwa amelala chali katikati ya mlango wa boma asitake kumpisha mtu.

"Huyu alikuwa mtumwa wangu!" akapiga kelele. "Kafa bila ruhusa! Nani aliyemruhusu?"

"Ondoka hapo, mla mbwa," Apolina akasema kwa sauti ya mzee. "Hata ubatizo wako niliulazimisha. Maji yenyewe yalikuwa yanakukimbia."

"Eee! Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Zerbo akainuka, machozi yanamtoka, akaikumbatia ile kofia na aliyeivaa. Kesho yake angesema ni vumbi.

Telesfori alikuwa katekista. Alikuwa na kitabu kinene cha mapadri wa zamani, kila siku ya mwaka na ukurasa wake: maisha ya mtakatifu wa siku, chini yake neno la Maandiko, chini kabisa sala. Kila alfajiri boma zima lilikaa uani, mzee akakohoa, akasoma. Watoto wa boma lile walipewa majina humohumo. Ukizaliwa siku ya fulani, wewe ni fulani, upende usipende. Na sala haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka mzee mwenyewe atamke "Amina". Hata uji uchemke umwagike, hakuna aliyenyanyuka kabla ya Amina ya mzee.

Siku moja tu kwa mwaka kitabu kilirukwa. Tarehe nne Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, mzee alifunua karatasi mbili pamoja akasoma Mtakatifu Gerald, ambaye ni wa kesho yake. Kesho yake akamsoma Gerald tena. Watoto wakadhani Gerald ni mtakatifu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ana sikukuu mbili.

Barbara alikuwa bintiye. Mama yake, Tempoko, alipokuwa akimzaa, damu ilikataa kusimama, na Telesfori akapiga magoti nje ya kibanda akaweka nadhiri: mkewe akipona, mtoto atakuwa wa Mungu. Tempoko akapona. Ahadi ni deni, na aliyelipishwa ni mtoto. Alipokua akapelekwa kwa masista, akakaa, akajaribu, maskini, alijaribu kweli. Kisha akatoka na kuolewa na fundi baiskeli wa mji wa Koudougou. Mzee aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilimpa Mungu. Kajiiba," na tangu siku hiyo jina lile halikutoka tena kinywani mwake. Asiyekuwapo na lake halipo, hata kitabuni.

Tempoko alikaa na hilo miaka yote. Hakuwahi kumpinga mumewe hadharani. Kwao mwanamke wa katekista hufunga mdomo kwanza, kisha hufunga kilemba. Lakini ni yeye aliyepika pombe ya matanga, na pombe ya mtama haifuati amri za wazee. Wazee walitaka matanga yaanze mapema. Tempoko akachelewa kuloweka mtama. Akasema umeota vibaya. Akasema kuni mbichi. Kwa hila hiyo alfajiri ya mwisho ya matanga ikaangukia tarehe nne, na hapo ndipo akamtumia bintiye salamu aje.

Barbara akaja jioni ya siku ya tatu, na kitambaa cheusi kichwani. Hakuingia uani. Alikaa kando ya ghala la mtama kama mgeni aliyepotea njia. Apolina akamfuata huko, kofia ya mzee ikiwa bado kichwani.

"Wifi," Barbara akasema, kisha akaiona kofia, akainamisha macho.

Tempoko akaja nyuma yao. Alimshika Apolina mkono, mkono wake ukinuka chachu.

"Kesho ukisoma," akasema, "msomee na mwanangu siku yake. Matanga yakifungwa mzee wenu amekwenda zake, na ambalo hakulisema hatalisema tena. Nakuomba, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu."

"Mama, unaujua mwiko."

"Naujua. Na uchungu wa mwana naujua pia."

Apolina alikuwa amebeba jambo ambalo Tempoko hakulijua. Wakati wa mvua, mzee akiwa hawezi kuinuka, ni yeye aliyemlisha uji kwa kijiko. Siku moja, wakiwa wawili tu, alimwambia, "Baba, tumwite Barbara?" Mzee alimeza uji ule, akageuzia uso ukutani. "Nilishampa Mungu," akasema. "Mwulizeni Mungu yuko wapi." Siku chache baadaye akafa. Sasa Apolina angefanyaje? Kumsomea Barbara ni kumsingizia marehemu akiwa amevaa kofia yake. Kutomsomea ni kumzika mtu aliye hai. Akalala na mawazo hayo, tena kulala kwenyewe si kulala.

Alfajiri boma lilijaa. Wapiga ngoma walikuwa wamechoka, pombe imebaki machicha, Zerbo kajifunika blanketi. Apolina akaketi kwenye kiti cha mzee, akashusha miwani, akakohoa. Aliapa moyoni kwamba atamsoma Barbara. Kweli aliapa. Akafungua kitabu pale palipo na utepe, na lile jina likawa mbele ya macho yake.

Lakini alikuwa amemwiga mzee siku tatu, mwendo, sauti, hata namna ya kujikuna, na mikono yake ilikuwa imeshazoea kuwa mikono ya mtu mwingine. Akalamba kidole. Akaifunua karatasi ile, akamruka Barbara.

"Mtakatifu Gerald," akasoma.

Boma zima likaangua kicheko. Ee, mzee huyo! Hata kufa hakumbadilishi! Wakapigana mabega kwa furaha ya kumwona tena. Apolina naye akainua macho, akamwona Barbara pale kando ya ghala. Barbara hakulia. Alikuwa akiokota kanga yake na kujifunga kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Apolina aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Akataka kurudisha ukurasa, lakini mzee hakuwahi kurudisha ukurasa.

Ndipo Tempoko akasimama. Kusoma hajui, hata herufi ya jina lake haijui. Akakunja mikono tumboni akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu bei ya mtama:

"Barbara alikuwa binti wa tajiri. Baba yake akamjengea mnara, akamfungia humo, asionwe na watu."

Kicheko kikakatika. Yalikuwa maneno ya kitabu, neno kwa neno, alivyoyasikia Desemba zile za zamani wakati mtoto angali mdogo, mzee akimpakata na kumsomea siku yake. Akaendelea. Mnara, madirisha matatu, hasira ya baba, mlima, upanga. Penye upanga akashusha sauti, kwa kuwa mumewe alikuwa akiishusha hapo, asimtishe mtoto.

"Baba yake mwenyewe ndiye aliyeushika," akasema. "Neno la siku. Baba na mama wakiniacha, Bwana atanipokea. Tuombe. Mungu, uliyempokea Barbara aliyekataliwa nyumbani kwao, utupokee na sisi."

Akamaliza. Hakukaa.

Hakuna aliyenyanyuka. Hakuna aliyekohoa. Uji ulikuwa ukimwagika jikoni na hakuna aliyekwenda kuutoa. Macho yote yaligeukia kiti cha mzee, kwa sababu sala haijaisha mpaka yeye atamke. Mzee mmoja wa ukoo akatikisa kichwa kidogo, kumwonya Apolina. Klementi mumewe alikuwa akitazama ardhi.

Apolina akauona moyoni ule ukuta ambao mzee aliugeukia. Akakumbuka kijiko mkononi mwake. Akajua kabisa, pasipo hata tone la shaka, kwamba yule aliyemvaa asingeitamka. Liwalo na liwe. Akakohoa kikohozi cha mzee, akavua miwani kama mzee, na kwa sauti ya mzee akasema:

"Amina."

"Amina," boma likaitikia, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyochanganyika na kilio. Barbara akaja mbio, akapiga magoti mbele ya kofia ile, kiwiko chini, uso karibu na vumbi, jinsi binti anavyomwamkia baba yake. Apolina akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi na laini. Hilo peke yake halikuwa la mzee. Tempoko akaenda jikoni kuutoa uji, na huko jikoni akasikika akilia kwa sauti, yeye ambaye hata siku ya maziko hakulia.

Mchana matanga yakafungwa. Kofia, fimbo na miwani vikachukuliwa na wazee, na Apolina akabaki Apolina. Akamsindikiza wifi yake hadi barabarani, kapu la unga kichwani. Walizungumza habari za watoto, wa nani amefanana na nani. Walipofika njia panda Apolina akalitua kapu, Barbara akalishika.

"Wifi. Wewe ndiye uliyemuuguza." Alikuwa akikwaruza mpini wa kapu kwa ukucha. "Alinitaja?"

Apolina akapeleka mkono kichwani, kuigusa kofia, akakuta nywele zake tu. Kofia ilikuwa imesema uongo mmoja tayari, na uongo ule ulikuwa wa mzee. Akisema ndiyo, uongo huu ungekuwa wake mwenyewe.

"Nilimuuliza kama tukuite," akasema. "Akageukia ukutani."

Barbara akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa chenji na kuikuta sawasawa na alivyohesabu.

"Nilijua," akasema. "Nilipopiga magoti pale nilijua. Baba hakuwa na mkono laini hivyo." Akajitwisha kapu mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, hakuyafuta. "Lakini ile Amina nimeichukua, wifi. Siirudishi. Mama aliyesimama na wewe uliyesema, mkimkuta Baba huko mbele, mwambieni mimi ndiye niliyeiiba."

Akaenda zake. Apolina alirudi bomani akakuta Tempoko ameketi kwenye kiti cha mzee na kitabu magotini, kimefunguliwa pale penye utepe, akipitisha kidole juu ya maandishi asiyoyajua.

"Jina lake lipo wapi?" akauliza. "Nionyeshe."

Apolina akakishika kidole cha mkwewe, akakiweka juu yake.

"Hapa, Mama."